Mkoko, mchu na mlilana si ndugu: nasaba ya mimea hujulikanaje?

MwalimuWaHori (mwanzisha uzi)

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote.

Miaka kadhaa nyuma niliwapeleka wanafunzi wangu Mikindani, hapa Mombasa, maji yamekupwa, tukasimama matopeni hadi vifundoni. Msichana mmoja akanionyesha mkoko wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa, kisha akanionyesha mchu uliozungukwa na vimizizi vilivyochomoza matopeni mithili ya penseli. Akauliza, "Mwalimu, miti hii ni ndugu?" Nikamjibu ndiyo, yote ni mikoko. Akaandika kwenye daftari lake, tukaendelea na safari.

Nilimjibu makosa. Nimekuja kulijua kosa lenyewe baada ya yeye kumaliza shule, na limenikaa rohoni, kwa sababu lile ndilo lililokuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile. Uzi huu nauandika kulipa deni hilo, na kwa nyinyi mnaoiona miti hiyo kila siku mkivuka Makupa.

Pwani ya Kenya ina aina tisa za miti ya mikoko: mkoko wenyewe, muia, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Hizo tisa zinatoka koo sita. Mkoko, muia na mkandaa ni ndugu kweli, ukoo wa Rhizophoraceae. Mkomafi na mwenzake dume ni wa ukoo wa Meliaceae, alimo mwarubaini wetu wa uani. Mchu ni wa Acanthaceae, ukoo wenye vijimea vingi vya kando ya njia, na ile mboga ya tsalakushe wanayoichuma Wadigo. Msikundazi, ambao hapa kwetu ni adimu na unaonekana zaidi kule Mto Tana unakoingia baharini, ni jamaa wa mbuyu, pamba na bamia. Kikandaa na mlilana nitawarudia, maana wana mambo yao.

Tulitazame neno "mikoko" kama tunavyolitazama neno "mabaharia". Chomboni mmoja ametoka Lamu, mwingine Ngazija, mwingine Gujarati. Jua lilelile limewababua, chumvi ileile imewakausha midomo, wote wanajua kufunga tanga. Ukiwaona bandarini utadhani baba yao mmoja. Kazi ndiyo imewafananisha. Miti hii nayo imefananishwa na kazi ya kuishi kwenye chumvi na tope lisilo na hewa.

Sasa swali la uzi: mtu anajuaje? Anatofautishaje kufanana kwa damu na kufanana kwa kazi?

Njia ninayoielewa mimi ni ya vyuo vya mkono, yaani vitabu vilivyoandikwa kwa mkono. Zamani utenzi ulinakiliwa kwa khati, mwandishi mmoja baada ya mwingine. Tuseme una nakala kumi za utenzi mmoja, na hujui ipi imetoka kwa ipi. Usiangalie mahali zinapokubaliana zote, maana hapo hapakwambii kitu. Tafuta makosa. Nakala tatu zikiwa na kosa lilelile kwenye ubeti uleule, yaelekea zote zimenakiliwa kutoka kwa chuo kimoja kilichokosea kwanza. Halafu ndani ya zile tatu, mbili zina kosa la pili ambalo ya tatu haina. Ushajua zipi ni ndugu wa karibu zaidi. DNA, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli, ambayo vipande vyake huitwa jeni, hunakiliwa vivyo hivyo, mzazi kwa mtoto, na mara mojamoja herufi hubadilika. Mabadiliko hayo hurithiwa.

Maumbo nayo yanasomwa kwa kanuni hiyohiyo. Mjerumani Willi Hennig, mtaalamu wa wadudu, aliieleza vizuri katika kitabu chake cha mwaka 1950: udugu unathibitishwa na sifa mpya waliyoirithi wenye mzazi mmoja. Sifa ya kale ambayo kila mtu anayo haithibitishi kitu. Mkoko na mchu yote ina majani ya kijani, lakini na mchicha pia.

Karibuni tuulizane.

---

Baharia_wa_Kale

Waalaikum salaam mwanangu. Mimi nimeshika boriti tangu ujana wangu, nikizihesabu kwa korija, ishirini ishirini. Haya ya jeni siyayui, lakini miti hii naiyua kwa mkono. Mkoko, muia na mkandaa tuliijua ni nyumba moja zamani. Ganda lake lote lina rangi ya kutia ngozi, na mtoto wake huota angali juu kwa mamake, akaning'inia kama kijiti, kisha akaanguka matopeni akashika. Mchu ukiukata una mapete mapete ndani, haufanani na mkoko hata kidogo. Mlilana ni wa mataruma ya mashua.

Lakini kwa kukitoa kikandaa kwenye nyumba hiyo nakupinga. Jina lasema lenyewe. Kikandaa ni mkandaa mdogo. Wazee hawakulitoa hewani.

---

MwalimuWaHori

Shikamoo mzee wangu. Maneno yako mawili ya kwanza yangetosha kuwa somo zima. Kule kuota juu ya mti ndiyo sifa mpya hasa inayowafunga pamoja mkoko, muia na mkandaa, na jeni zimekubaliana na nyinyi wauza boriti. Na yale mapete ya mchu ni kweli: mti ule haukui kama miti mingine, unaongeza tabaka juu ya tabaka za mirija ya chakula ndani ya mbao yenyewe.

Kuhusu kikandaa, kwa heshima zote, naomba uchukue tawi la mkandaa na tawi la kikandaa uyaweke sambamba. Mkandaa majani yake yanatoka mawilimawili, yametazamana. Nchani kuna kifuniko chembamba kilichochongoka, kimelifunika chipukizi kama ala inavyofunika jambia. Kikianguka kinaacha pete kwenye tawi. Mkoko unayo, muia unayo. Sasa geukia kikandaa: majani yanapanda mojamoja kwa kuzunguka tawi, kila jani lina kikato kidogo nchani, na ala ile haipo. Mbegu yake pia haioti juu ya mti. Aliyeuita kikandaa alitazama umbo la jumla na mahali ulipoota, na kwa mjenzi hilo lilitosha.

Ndugu wa kikandaa ni mkungu, ule tuliokuwa tukiokota kungu chini yake tukizigonga kwa jiwe. Ukoo wao ni Combretaceae, na una alama ambayo huioni ila kwa hadubini: vinyweleo virefu vyenye ncha kali, kila kimoja seli moja, na shina lake limegawanywa vyumba. Vinyweleo hivyo viko kwenye mkungu wa nchi kavu, na viko kwenye kikandaa cha chumvini.

---

Hoja_kwa_Hoja

Uzi mzuri, lakini niulize waziwazi. Kama jeni ndizo zinazotoa hukumu ya mwisho, kuna haja gani ya kuhesabu petali na kuchungulia vinyweleo? Chukua jani, peleka maabara, upewe jibu. Naona kama maumbo yametudanganya miaka 250 na sasa tumepata kipimo cha kweli.

---

MwalimuWaHori

Swali hili nililitarajia. Nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Ni kweli maumbo yamedanganya. Mwanabotania wa Uswidi, Linnaeus, mwaka 1753 alipanga mimea kwa kuhesabu stameni, yaani vile vijiti vya chavua ndani ya ua. Alijua mwenyewe kwamba ule ulikuwa mpango wa kurahisisha kazi. Ukifuata hesabu peke yake utawakusanya wageni na kuwatenga ndugu. Miaka kumi baadaye, 1763, Mfaransa Michel Adanson aliandika kwamba tusitegemee sifa moja, tutazame sifa nyingi za mmea mzima. Adanson ndiye aliyekaa Senegali, na ndiye ambaye mbuyu umepewa jina lake kitaalamu, Adansonia. Kila nikipita mibuyu ya ufukwe wa Mama Ngina namkumbuka.

Na mbuyu wenyewe ni ushahidi mzuri. Vitabu nilivyosomea mimi viliuweka kwenye ukoo wake, pamoja na msufi. Bamia na pamba vilikuwa na ukoo wao. Kakao na msikundazi ukoo mwingine. Mlenda wa Corchorus, ukoo wa nne. Jeni zilipokuja zikaonyesha kuta zile zilijengwa mahali pasipostahili, na koo nne zikafanywa moja, Malvaceae. Sasa sikiliza: kila mpishi wa Pwani angeweza kukwambia. Bamia linavutika. Mlenda unavutika. Jani la mbuyu likipikwa linavutika. Ute ule ni sifa ya ukoo mzima. Tena asali ya ua katika ukoo huu hutoka kwenye vinyweleo vidogo vilivyosongamana upande wa ndani wa sepali, vile vijani vinavyolifunika ua kabla halijafunguka, jambo ambalo si la kawaida kwenye mimea mingine. Sifa zilikuwepo siku zote. Zilifunikwa na ukubwa wa mbuyu. Mtu akiusimamia mti ambao watu wanane hawaufikishi kwa kushikana mikono, hafikirii bamia.

Kwa hiyo jeni hazikuyafuta maumbo. Zilitwambia yapi ya kuamini.

Angalia na upande wa pili, wa ile sifa inayodanganya. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, limejaa stameni nyingi, popo wanalijia. Ua la mlilana hufunguka usiku, stameni nyingi nyeupe, popo wanalijia. Kwa macho ya mtu anayepita haya ni maua ya ndugu. Si ndugu hata wa mbali wa kutajika. Popo ndiye aliyeyafananisha, kwa kuwa yeye anaona weupe gizani na anafuata harufu.

---

Maabara_Usiku

Naomba niingie hapa, maana hili la "chukua jani upeleke maabara" nimelifanya kwa mikono yangu.

Siku yangu ya kwanza nilipewa jani la mkoko nitoe DNA. Nikalisaga kama nilivyofundishwa kusaga jani la mahindi. Ndani ya dakika chache maji yamekuwa ya hudhurungi kama chai ya rangi, na mwishoni nikapata uchafu mweusi uliogandamana chini ya kichupa. Ile rangi anayoisema Baharia, ya kutia ngozi, ndiyo iliyonasa kila kitu. Nikaja kujua kwamba lazima uongeze dawa ya kuivuta rangi kabla haijaishika DNA, na ukaushe jani haraka kwenye chembe za silika, zinazonyonya unyevu, mara unapolichuma. Bamia na mbuyu zina taabu yake nyingine: ute unakuja pamoja na DNA, unavutika kwenye ncha ya bomba na hutenganishi kirahisi. Kwa hiyo hata kabla hujasoma herufi moja, mmea umeshakwambia ukoo wake kwa namna unavyokusumbua.

Ukishaipata DNA, huisomi yote. Kwa miaka mingi watu walisoma jeni chache zilizochaguliwa. Mashuhuri ni rbcL, iliyo ndani ya kloroplasti, vile vichembe vya kijani vya jani, yenye herufi zipatazo 1,400. Inatengeneza sehemu kubwa ya kimeng'enya kinachoshika hewa ya kaboni, kwa hiyo karibu kila mmea wa kijani unayo, nayo hubadilika polepole. Ndiyo maana inafaa kulinganisha koo zilizoachana zamani. Mwaka 1993 wanabotania zaidi ya 40, Mark Chase akiwa wa kwanza kwenye orodha, walilinganisha rbcL za mimea 499 kwa mpigo. Kutokana na kazi za namna hiyo likaundwa jopo la kimataifa la nasaba ya mimea ya maua, linaloitwa kwa kifupi APG, likatoa mpangilio wake wa kwanza 1998, kisha 2003, 2009 na 2016. Huo wa 2016 una koo 416 za mimea inayotoa maua. Na mwaka 2024 bustani ya mimea ya Kew, kule London, na washirika wake wakachapisha mti wa nasaba wa spishi zaidi ya 9,500 kwa kutumia jeni 353 za kiini cha seli. Baadhi ya DNA hiyo ilitolewa kwenye majani makavu ya herbariamu, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, yaliyochumwa karibu miaka 200 iliyopita.

Hapo ndipo ninapomjibu Hoja. Jani lile kavu lina maana kwa sababu kuna mtu aliyelichuma akiwa na ua na tunda, akalibandika kwenye karatasi, akaandika limetoka wapi, na mtaalamu wa maumbo akalitambua. Kama alilitambua vibaya, kompyuta itakuchorea mti mzuri sana wenye jina la uongo. Nimewahi kupokea sampuli iliyoandikwa muia kumbe ni mkoko. Tulipoteza majuma mawili kutafuta kosa kwenye mashine.

Pia, mimea ya kale iliyogeuka mawe haina DNA ya kusoma. Kuna mkindu wa matopeni unaoitwa Nypa, leo uko zaidi Asia. Matunda yake yaliyogeuka mawe yamepatikana kwenye udongo wa London, yana umri wa miaka milioni 50 hivi. Tumeyajua kwa umbo la tunda peke yake, na ni visukuku kama hivyo vinavyotusaidia kukadiria koo ziliachana lini.

---

MdigoWaTiwi

Nimesoma yote. Nina swali kwa Maabara. Umesema rbcL iko kwenye kloroplasti. Kloroplasti inarithiwa kwa baba au kwa mama?

---

Maabara_Usiku

Kwenye mimea mingi ya maua, kwa mama.

---

MdigoWaTiwi

Basi nilichokuwa nakihisi ni kweli. Sisi Wadigo zamani tulifuata fuko la mama, mjomba ndiye mwenye neno. Jirani zetu walifuata baba. Ukimuuliza mtu mmoja nasaba yake kwa njia hizi mbili, atakupa majibu mawili na yote ni ya kweli. Je, mti ukiwa na mama wa ukoo huu na baba wa ukoo ule, hiyo jeni ya kloroplasti si itatupa upande mmoja tu?

---

Maabara_Usiku

Umegonga penyewe, kaka. Mfano uko jikoni kwako. Limau, lile la njano, ni chotara. Mamake ni mdanzi na babake ni Citrus medica, ule mti mkongwe wa jamii ya machungwa wenye matunda ya ganda nene sana. Na danzi lenyewe ni chotara, mamake balungi na babake ni wa jamii ya chenza. Ukisoma kloroplasti ya limau peke yake, itakupeleka moja kwa moja kwa balungi, bibi mzaa mama, na hutasikia habari za Citrus medica wala chenza. Ukisoma jeni za kiini unawapata wote. Ndimu nayo babake ni huyohuyo Citrus medica, ila mamake ni mwingine, anaitwa Citrus micrantha. Yaani ndimu na limau ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali.

Ndiyo sababu siku hizi hatutosheki na jeni moja. Mti wa kloroplasti na mti wa kiini ukitofautiana, hatuutupi wowote. Tunauliza palitokea nini.

---

MwalimuWaHori

Nimejifunza hapo. Ahsanteni nyote wawili.

Naomba nirudi kwa mkoko wenyewe, maana nilichokisoma kuuhusu ndicho kilichonifanya nisilale. Wanabotania wengi wa zamani waliuweka ukoo wa mkoko karibu na ukoo wa kikandaa na wa mlilana, kwenye kundi kubwa la Myrtales, pamoja na mkarafuu na mpera. Ilionekana sawa: miti ya matopeni, majani mazito, ua lenye kikombe kigumu. Jeni ziliutoa huko zikaupeleka kwenye Malpighiales. Majirani zake kule ni mhogo, mbono, mnyaa na mpasheni. Ukoo ulio karibu nao kuliko yote ni ule wa mkoka wa Amerika Kusini, mmea unaotoa kokeini, ambao una jamaa zake hata kwenye misitu ya pwani yetu.

Fikirieni. Mkoko na mlilana zimesimama tope moja, maji yaleyale yanazikosha mara mbili kwa siku, na mkoko uko karibu zaidi na mhogo wa shambani Kwale kuliko na mlilana unaogusana nao matawi.

Na je, maumbo hayakutoa dalili? Yalitoa. Mimea ya Myrtales ina mirija ya chakula upande wa ndani wa mbao vilevile, si nje tu kama miti mingi. Ukikata kipande chembamba cha tawi la mpera ukakiweka kwenye hadubini, unaiona. Mkoko haina. Kuna wanabotania walioliona hilo na kushuku kabla jeni hazijasomwa, lakini ushahidi wao ulikuwa mmoja dhidi ya mwonekano wote wa mti. Jeni zikaja zikasema shaka yenu ilikuwa ya haki. Mimi nikisoma hivyo huwaonea fahari watu wale, waliokaa na wembe na kioo wakaamini kitu kidogo walichokiona.

---

Hoja_kwa_Hoja

Nakubali, Mwalimu. Ila nikupe mtihani. Papai. Liko ukoo gani na linafanana na nini? Maana hapa kwangu liko jirani na mlonge, na sioni hata kimoja kinachofanana.

---

MwalimuWaHori

Umechagua vizuri bila kujua! Ukoo wa mpapai na ukoo wa mlonge ni dada. Mmoja una shina laini na majani makubwa kama mwavuli, mwingine vijani vidogo vidogo na ganda refu la mbegu. Zamani mpapai uliwekwa karibu na mpasheni.

Fanya hivi. Tafuna mbegu moja mbichi ya papai. Kisha kwangua mzizi wa mlonge kidogo uunuse, usiumeze. Ule ukali unaopanda puani ni mmoja, na ni uleule wa haradali. Sukuma wiki na kabichi wanao pia kwa kiasi chao. Wote wako kundi moja, Brassicales. Wapo waliowakusanya pamoja kwa kemia hiyo miaka ya 1970, wenzao wengi hawakuridhika, na jeni zikaja kuwaunga mkono. Kuna kundi jingine moja dogo la miti, lililo mbali kabisa kule kwenye Malpighiales, lenye ukali huohuo. Hilo lilijitengenezea lenyewe. Kwa hiyo hata pua inahitaji shahidi wa pili.

---

BiHina_Kibokoni

Salaam. Mimi si msomi wa mimea, kazi yangu ni kupaka hina maharusi. Niliingia kwa kuwa binti yangu alinisomea kipande cha juu. Mwalimu ulisema mlilana utaurudia. Binti anasema ameona mahali kwamba mlilana na mhina ni ukoo mmoja. Mhina wangu uko uani, nchi kavu kabisa, una maua madogo kama vumbi. Mlilana ni mti wa baharini. Hilo nalo ni kweli?

---

MwalimuWaHori

Bi mkubwa, shikamoo. Ni kweli, na ndiyo sehemu ya uzi huu niliyokuwa nikiilimbikia. Mhina, mlilana na mkomamanga wote ni wa ukoo wa Lythraceae. Mkomamanga ulikuwa na ukoo wake peke yake, mlilana nao hivyohivyo. Jeni na maumbo kwa pamoja yakawarudisha nyumbani.

Kama una komamanga, tazama lile taji lililo juu ya tunda. Hizo ni sepali za ua, nene kama ngozi, zilizokataa kuanguka. Tunda la mlilana nalo limekalia nyota ya sepali nene zilizobaki. Na ukiwa na ua la mhina linalokaribia kufunguka, lifungue taratibu kwa sindano, uniambie petali zimekaaje ndani.

---

BiHina_Kibokoni

Nimefanya baada ya Alasiri, nimevaa miwani, binti ameshika tochi ya simu.

Kitumba cha hina ni kama punje ya mtama. Nimekipasua kwa ncha ya sindano. Petali ndani hazikukunjwa. Zimefinyangwa, kama mtu aliyesokota leso ya hariri akaisukumiza mfukoni. Nimehesabu sepali nne, petali nne, na vijiti vinane vimesimama viwiliviwili. Halafu jirani ana mkomamanga, nikaomba kitumba kimoja. Chekundu, kigumu, ganda lake ni ngozi hasa. Nikakata. Petali zile nyekundu zimefinyangwa vilevile! Hata zilipotoka hazikunyooka, zimebaki na makunyanzi.

Nimepaka hina miaka thelathini na sikuwahi kulifungua ua lake.

---

MwalimuWaHori

Maashallah, Bi. Makunyanzi hayo ndiyo alama ya ukoo huo, na umeyaona kwa sindano na tochi ya simu. Petali za mlilana wetu ni nyembamba mno au hazipo kabisa, kwa hiyo usivunjike moyo ukizikosa. Kwake tazama sepali.

---

Baharia_wa_Kale

Mwanangu, leo asubuhi nimekwenda hadi ukingoni nikatazama kwa mato yangu. Kikandaa hakina ala nchani, na majani yanazunguka. Umesema kweli. Jina nitaendelea kuliita, maana ndilo nililofunzwa, lakini wajukuu nitawaambia mti huu ni wa nyumba ya mkungu.

Kama mwataka kuuona mlilana wenye maua, uko mbele kabisa maji yanakoanzia. Kwa miguu hamufiki vizuri. Nina mashua ndogo, yachukua watu sita.

---

MdigoWaTiwi

Mimi nimo. Nitakuja na tsalakushe yenye mizizi tuilinganishe na mchu.

---

MwalimuWaHori

Ahsante sana mzee wangu. Tungoje bamvua ijayo, Jumamosi, tutoke maji yakianza kupwa ili tukifika mbele tope liwe wazi. MdigoWaTiwi, tsalakushe yako iwe na maganda ya mbegu: mimea mingi ya ukoo ule mbegu zake zimeshikwa na kikulabu kidogo kinachozirusha ganda likipasuka. Mchu hauna kikulabu hicho, na ua la Thunbergia linalotambaa kwenye nyua za watu halina pia. Hapo ndipo jeni zilipoonyesha mchu unapokaa, kwenye tawi la pembeni la ukoo huo. Nataka tulione kwa macho.

Maabara, njoo na zile chembe za silika. Bi, ukiweza mtume binti na ile sindano. Kila mtu alete kisu kidogo na magazeti makuukuu ya kukaushia majani. Komamanga nitanunua mimi Marikiti, mawili, moja la kukata na moja la kula njiani.